Kasoro ya Saba

Geita, Juni 20, 1937

Kwa shangazi yangu mpenzi, Bi. Chausiku binti Feruzi, Shinyanga.

Shikamoo shangazi. Natumaini barua hii itakukuta u mzima na kifua kimetulia, maana vumbi la kiangazi huko nalijua. Mimi sijambo. Kazi ya useremala hapa mgodini haipungui: kila shimo linalochimbwa linataka magogo ya kuliegemeza, na kila Mzungu anayefika anataka kitanda na meza. Nimepandishwa cheo, sasa nina mafundi wanne chini yangu. Rafiki yangu Pantaleo, yule Mzinza niliyekuandikia habari zake, anakusalimu ingawa hakujui.

Sasa neno lenyewe. Baba ametimiza mwaka tangu atutoke, Mungu amrehemu. Liwali alikwisha kuamua, nawe ulikuwepo, kwamba nyumba ni yangu peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wake wa pekee na mama alitangulia zamani. Nimefikiri sana, nimeona niiuze. Mimi na Pantaleo tunataka kufungua mgahawa karibu na kambi. Watu hapa wanashinda chini ya ardhi na wakitoka wanataka chai, maandazi na nyama, na anayewapa hayo ni mmoja tu, naye chai yake ni maji ya kunawia.

Nataka nyumba iuzwe kwa mnada. Wanaokuja kuulizia bei mlangoni huja mmoja mmoja na hutaka kukuonea. Mnadani wanaoneana wao kwa wao. Lakini mnada ni dalali. Dalali asiyefaa ataiuza nyumba ya bati kwa bei ya banda la kuku. Mimi ruhusa ya kuja sina, na huko sina mtu ninayemwamini kuliko wewe. Naomba unichagulie dalali. Wewe umekaa Shinyanga miaka mingi, unawajua watu na vinywa vyao.

Hutapata tabu yoyote. Vyombo vyako nadhani si vingi.

Mimi mwanao,
Sabiti bin Zamoyoni


Shinyanga, mwezi 3 Mfunguo Nane 1356, kwa hesabu yako Julai 12, 1937

Mwanangu Sabiti,

Marahaba. Barua yako imetembea siku kumi na tisa. Posta wanasema ilikaa Mwanza, ila hawasemi ilikuwa ikifanya nini huko. Herufi zako za Kizungu nazisoma polepole kama anayechambua mchele, lakini nimefika mwisho. Nawe utanisamehe kwa herufi hizi za Kiarabu za chuoni, ndizo nilizonazo, na wewe mwenyewe nilikufundisha hizo kabla hujazijua zile.

Kifua hakijambo. Mwasiti wa nyumba ya pili ameolewa tena, mume wa tatu huyu, na harusi ilikuwa nzuri kuliko ya pili. Pamba mwaka huu ni nyingi, magari ya Kishapu yanapita hapa yamejaza mpaka juu, na Wasukuma wanatembea mjini na fedha kwenye mikunjo ya nguo. Bati la upande wa jiko lilivuja tena pale pale mvua za mwisho. Niliweka sufuria.

Kuhusu dalali, nimeulizia. Shinyanga ina madalali watatu wanaoweza kunadi nyumba.

Wa kwanza ni Abdu Kengele, unamkumbuka. Siku hizi ana tarbushi nyekundu na kengele kubwa zaidi. Anazunguka mji siku tatu kabla ya mnada, anapiga kengele na kuisifu mali mpaka mwenye mali mwenyewe anatamani kuinunua. Mwezi uliopita alinadi punda kiguu akasema ni punda mwenye subira. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kwa Abdu vyote viwili hutembezwa. Watu wanasema pia huwaweka marafiki zake katikati ya kundi wapandishe dau, kisha huenda nao kula. Mimi sikuona, nimesikia.

Wa pili ni yule wa barazani kwa hakimu, anayenadi mali zilizokamatwa. Huyu hana maneno. Anatazama saa, anataja bei, anagonga meza, anaondoka. Anauza kama mtu anayewahi gari la moshi.

Wa tatu ni Ngassa, dalali wa mnada wa ng'ombe. Si Mwislamu, hana tarbushi, viatu huvaa siku akienda bomani. Nyumba amewahi kunadi mbili tu. Ana desturi yake: kabla hajataja bei, hutaja kasoro za mnyama, zote, kwa sauti. Huyu ana jicho moja bovu, huyu hupiga teke akikamuliwa, huyu alitupa mimba mwaka jana. Kisha humwuliza mwenye mali mbele za watu kama kuna kasoro iliyobaki. Kasoro isiposemwa, hauzi. Watu wanamcheka, lakini hakuna ng'ombe wa Ngassa aliyewahi kurudishwa.

Hao ndio watatu. Sema unayemtaka.

Vyombo vyangu si vingi, kweli.

Shangazi yako,
Chausiku binti Feruzi


Geita, Agosti 9, 1937

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeipata jana na nimecheka sana kwa habari ya punda. Nilimsomea Pantaleo naye akacheka. Mimi ni mzima. Wameleta msumeno wa mashine kutoka Mwanza, unapita kwenye gogo la mninga kama kisu kwenye papai. Mafundi wanauogopa, mimi ndiye niliyefundishwa kuushika. Mpe Mwasiti hongera.

Kuhusu dalali, sitaki kukuchagulia kutoka mbali. Mwenye macho yuko huko. Ninachotaka ni mambo mawili: nyumba iuzwe kabla ya mvua, watu wasije wakaona bati linavyovuja, na iuzwe wakati fedha za pamba hazijaisha. Kwa hiyo usikawie. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Ili usisumbuliwe bomani, ndani ya barua hii nimetia cheti. Kimeandikwa hivi: kwamba mimi Sabiti bin Zamoyoni nimemkabidhi shangazi yangu kazi ya kumchagua dalali, na dalali atakayemchagua, neno lake mbele ya wanunuzi ni neno langu. Pantaleo na karani wa kambi wametia sahihi. Mwonyeshe Liwali.

Kiwanja cha mgahawa tumeshakipata. Kina kivuli asubuhi.

Mwanao,
Sabiti


Shinyanga, mwezi 29 Mfunguo Tisa, Septemba 6, 1937

Mwanangu Sabiti,

Marahaba. Cheti kimefika, na Liwali amekisoma mara mbili akasema kimeandikwa vizuri, kijana huyu alisoma wapi. Nikamwambia. Mume wa Mwasiti ameshaanza kulala kwa dada yake. Mimi sijambo.

Kwa kuwa uliniachia macho, nimeyatumia. Niliwaita wote watatu nyumbani, kila mmoja siku yake, nikawapa kahawa, nikawatembeza. Kule chumbani kwa marehemu, nyuma ya kabati, kuna ufa uliotoka sakafuni mpaka dirishani. Uliingia mwaka ule wa mafuriko, na baba yako akasogeza kabati hapo akasema suala limekwisha. Niliwasogezea kabati wote watatu niwaone watafanya nini.

Abdu Kengele alisema, "Bi. Chausiku, rudisha kabati. Tena tundika na mkeka mzuri juu yake, watu wapende chumba." Kisha akaniambia nyumba hii ataiita jumba. Alikunywa kahawa vikombe vinne.

Yule wa kwa hakimu hakuingia chumbani. Alisimama mlangoni, akauliza vyumba vingapi, akaandika, akaondoka, akaiacha kahawa yake ikiwa imejaa.

Ngassa alikuja asubuhi. "Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma kama mama yake, akavua viatu, maana siku hiyo alikuwa amevaa. Alipoona ufa alitia kidole ndani, akauliza mwaka. Akapanda juu ya kinu akachungulia boriti, akagonga kila moja kwa fimbo yake na kusikiliza. Aliuliza maji ya mvua yanapitia wapi, na jirani ni mtu wa namna gani. Alizunguka nyumba muda wote wa adhuhuri. Alipomaliza alikuwa amehesabu kasoro sita: bati la jiko linavuja; ufa wa chumba cha marehemu; mchwa katika boriti mbili za ukumbini; mlango wa uani haufungiki wala haufunguki mpaka uuinue; choo kiko karibu mno na ukuta wa jirani; na matofali ya upande wa magharibi ni mabichi, hayakuchomwa. Zote ni kweli, mwanangu. Nyingine mimi mwenyewe sikuzijua, na nimezifagilia miaka ishirini na miwili.

Baada ya hapo alikaa, akanywa kahawa, akatazama kitanda changu katika chumba cha uani, na jiko. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Mayu, kwetu mnadani ng'ombe mwenye ndama hauzwi mpaka isemwe ndama anakwenda wapi." Nikamwambia hapa hakuna ng'ombe. Akasema ndiyo, akavaa viatu.

Nimemchagua Ngassa. Utauliza kwa nini. Wanunuzi wenye fedha mwaka huu ni Wasukuma wa pamba na ng'ombe, na hao wakimsikia Abdu huweka mkono mfukoni kuzuia fedha zisitoke. Wakimsikia Ngassa huutoa. Hiyo ndiyo sababu.

Mnada ni Jumamosi, Oktoba 2, siku moja kabla ya Miraji. Kama una neno, andika upesi.

Shangazi yako,
Chausiku


Geita, Septemba 25, 1937

Shangazi,

Shikamoo. Huku wote wazima. Samahani kwa mwandiko, anaandika Pantaleo kwa sababu mimi nina kazi nyingi na kidole kinaniuma kidogo.

Barua yako imenikasirisha, nasema wazi. Muuza mchele gani anayesimama sokoni akatangaza kwamba mchele wake una mawe? Nilikuomba unichagulie dalali, siyo shahidi wa kunishtaki. Kasoro sita! Baba alikaa ndani ya nyumba ile miaka zaidi ya ishirini na hakuzitaja sita. Mtu akitaka kujua kasoro za nyumba na ainunue kwanza, azione mwenyewe kama sisi tulivyoziona.

Mwache Ngassa. Mchukue Abdu Kengele, na kabati lirudishwe mahali pake. Kama Abdu hana nafasi, mchukue yule wa kwa hakimu. Cheti changu kinakupa ruhusa ya kuchagua, basi chagua tena.

Ninazihitaji fedha hizo kwa bei nzuri kuliko nilivyozihitaji mwezi Juni. Sitaki kueleza. Wewe fanya tu.

Sabiti


Shinyanga, mwezi 2 Shaabani, Oktoba 8, 1937

Mwanangu Sabiti,

Marahaba. Jamaa wazima wote. Mwasiti amerudiana na mumewe, huyo huyo wa tatu, hatujafika wa nne.

Barua yako imefika juzi Jumatano. Mnada ulikuwa Jumamosi. Nyumba imeuzwa. Sasa keti nikueleze, na Pantaleo kama ndiye anayekusomea naye aketi.

Walikuja watu kama sitini. Wengi walikuwa Wasukuma wa pamba, walikuwepo wenye maduka wawili, na Abdu Kengele alikuja bila kengele kutazama mwenzake anavyoaibika. Karani wa Liwali alikaa barazani na karatasi. Ngassa alisimama uani kwenye jua, akataja kasoro sita moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili kisha kwa Kisukuma, na kila akitaja moja aliwapeleka watu wakaione. Walipanga mstari kutazama ufa wa baba yako kama wanaokwenda kutazama maiti. Nilidhani wataondoka. Hawakuondoka. Wakirudi walikuwa wakihesabu kwa vidole, matofali mangapi, bati ngapi, na mwenye duka mmoja tayari alikuwa amesema shilingi mia tano hata kabla mnada haujafunguliwa.

Ndipo Ngassa akanigeukia. "Mayu, mwenye mali hayupo, wewe ndiye unayesimama mahali pake. Kuna kasoro iliyobaki?"

Nikasema hakuna.

Hakupiga fimbo chini kuufungua mnada. Akasema, "Nimeingia nyumba hii mara mbili. Nimeona kitanda kimoja, sufuria mbili na jiko lenye moto. Moto ule unahamia wapi?"

Mwanangu, niliona haya. Sijawahi kuona haya kama yale, hata siku niliyoachwa na mume wangu Tabora nikaja kwa kaka yangu na furushi moja la nguo. Nilitaka kusema nahamia kwa Sabiti, Geita. Lakini hukuniita, na mimi siwezi kusema uongo kwa cheti chako. Nilitaka kusema Ujiji kwetu. Ujiji hakuna mtu anayejua jina langu. Watu sitini walikuwa wananitazama, na Abdu Kengele alikuwa anacheka. Nikasema, "Hauna pa kuhamia."

Ngassa akainua sauti. "Kasoro ya saba. Nyumba ina mama ndani yake, amekaa miaka ishirini na miwili, hana pa kwenda. Atakayeinunua anainunua naye, na chumba cha uani ni chake mpaka kufa kwake. Asiyetaka aende salama." Nikamwambia sikukubaliana hivyo. Akasema cheti kinasema neno la dalali ni neno la mwenye mali, yeye amesomewa, na ndivyo anavyolisema.

Wenye maduka waliondoka wote wawili, na zile shilingi mia tano zikaondoka nao. Watu walibaki kama ishirini. Bei ilianza chini nikaona aibu ya pili. Mwishoni walibaki wawili, na aliyeshinda ni Mabula, tajiri wa ng'ombe wa upande wa Kishapu. Shilingi mia tatu na themanini. Karani alimwuliza kama ameelewa kasoro ya saba. Mabula akasema, "Mimi naja mjini siku za pamba na siku za mnada. Siku nyingine nyumba itakaa na nani? Nyie mnaita kasoro, mimi nilikuwa nikitafuta mtu kama huyo." Ngassa akapiga fimbo mara tatu.

Basi umepungukiwa, na sababu ni mimi. Usidhani nilimchagua Ngassa kwa ajili hiyo. Nimejiuliza siku sita hizi, na jibu ninalopata halisimami mahali pamoja. Siku aliyoniambia habari ya ndama, ningeweza bado kumwita Abdu. Sikumwita.

Fedha nimezituma leo kwa hawala ya posta, zote, ukiondoa ujira wa dalali.

Jambo la mwisho. Kidole hakimzuii mtu kutia sahihi yake mwenyewe. Barua yako, mpaka jina lako la mwisho, ni mkono wa Pantaleo. Mkono wako una nini?

Shangazi yako,
Chausiku


Shinyanga, mwezi 16 Ramadhani, Novemba 20, 1937

Mwanangu Sabiti,

Posta wameniambia hawala ilipokelewa Geita. Basi najua u hai, au kuna mtu mwenye jina lako. Mvua zimeanza. Mabula ameweka bati jipya jikoni, sufuria sasa inapikia.

Kama umekasirika, nikasirikie kwa maandishi. Nimezoea kusoma polepole.

Chausiku


Geita, Desemba 19, 1937

Shangazi. Shikamoo.

Naandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Usicheke herufi.

Mkono wa kulia haupo. Msumeno ulinichukua Septemba, siku kumi kabla ya ile barua ya hasira. Chini kidogo ya kiwiko. Nililala hospitali wiki saba. Barua yako ya mnada niliipata kitandani, ile fupi nimeipata nilipokwisha toka, na sikuweza kumwambia Pantaleo aandike majibu, maana angejua nilivyokutendea.

Kambini chumba ni cha mwenye kazi. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi. Pantaleo amefungua mgahawa na mtu mwingine. Hana kosa, kazi ile inataka wa kubeba masufuria, nami siwezi hata kumwaga chai. Fedha zako, namaanisha za nyumba, zipo zote, sijazigusa. Nimekuwa mtu mwenye bei ya nyumba na asiye na mlango wa kupiga hodi.

Muulize Mabula kama atanirudishia kwa bei ileile.

Na hili nalisema kwa kuwa mkono huu ni mgeni na hauna aibu bado. Katika barua zangu zote sikukuuliza utahamia wapi. Si kwamba nilisahau. Nilijua huna pa kwenda, na ndiyo sababu sikuuliza. Wewe ulinilea tangu nina miaka minne, nami nilikutuma ukamtafute mtu wa kukutoa. Najichukia.

Tangu nitoke hospitali sijala mbele ya watu. Nakula kwa mkono wa kushoto, peke yangu, nimegeukia ukuta.

Sabiti


Shinyanga, mwezi 6 Mfunguo Pili, Januari 8, 1938

Mwanangu Sabiti,

Marahaba, marahaba.

Nilipofungua barua nilikaa chini penye mlango na nikalia mpaka Mwasiti akaja kuuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Mkono ule niliushika mimi nikauongoza kuandika alifu ya kwanza juu ya ubao, ulikuwa na jasho na ulikuwa haukubali kunyooka. Herufi za barua hii zinafanana na zile. Nimezisoma bila shida.

Mabula nimemuuliza siku ileile. Ni mtu mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kitu kilichonunuliwa kwa Ngassa hakirudi nyuma, ndiyo maana yeye hununua kwa Ngassa. Amechoma matofali mapya ya upande wa magharibi na mke wake mdogo anahamia mwezi ujao. Nyumba ndiyo imekwenda, mwanangu, usiifikirie tena.

Lakini nilikwenda na kwa Liwali, nikamwomba karani anisomee ile karatasi ya mnada. Chumba cha uani, upande wa jiko, ni cha Chausiku binti Feruzi mpaka kufa kwake. Nikamwuliza kama imeandikwa ni nani nisiyeruhusiwa kumkaribisha ndani yake. Akatazama mbele na nyuma ya karatasi, akasema haikuandikwa. Ngassa hulitaja kila analolijua, na hilo hakulijua. Basi uliiuza nyumba pamoja na kasoro zake, na kasoro ndiyo iliyobaki na chumba.

Nimenunua kitanda cha pili, kwa seremala asiyekufikia hata robo, miguu yake hailingani. Utaniambia namna ya kukirekebisha nami nitashika randa. Fedha zako zifunge kiunoni na usimwonyeshe mtu ndani ya treni.

Habari ya kula, tutakula sahani moja. Utakula kwa mkono ulio nao, na atakayekutazama vibaya nitamtajia kasoro zake mbele za watu, nimeshajifunza.

Ukifika usipite mlango wa mbele, ule ni wa Mabula. Zunguka uani. Mlango bado haufunguki mpaka uuinue, kwa hiyo usihangaike nao kwa mkono mmoja. Piga hodi tu, nitakuja kuufungua.

Shangazi yako,
Chausiku